Uzi maalum: Nepi za kitambaa kwa watu wa Mwanza. Anza na maji na kamba, maua baadaye

#1 MayuKulwa

Wakuu, habari za muda huu. Kila wiki anaingia mzazi humu anauliza achukue nepi gani za kitambaa, na majibu yanakuwa picha za nepi zenye tembo na vipepeo. Mtu ananunua kumi na mbili kwa mkupuo, baada ya mwezi zimejaa kwenye beseni zinanuka, karudi kwenye pampasi. Nepi hazikuwa na kosa. Alichagua kwa macho.

Kabla hujaenda dukani jibu maswali matatu. Maji yanafikaje nyumbani? Nguo zinaanikwa wapi? Nani atafua? Mtu wa Nyegezi mwenye bomba uani na kamba inayopigwa jua kutwa si sawa na mtu wa Mabatini au Igogo anayepandisha madumu kwenye ngazi za mawe na kuanika dirishani. Nepi ile ile itamfaa mmoja na kumtesa mwingine.

Nepi za kitambaa zote zina vitu viwili tu: kitambaa cha kunyonya mkojo na ganda la kuzuia usitoke. Tofauti ni namna vilivyounganishwa.

Nepi ya mraba ni kipande cha pamba cha sm 60 hadi 70 kila upande. Unakikunja, unafunga kwa pini, juu yake unavalisha kava, yaani lile ganda likiwa peke yake. Kwa huku kwetu naiweka namba moja, kwa sababu ukiikunjua ni tabaka moja. Maji ya kusuuza yanapita, jua linapita, na kiangazi inakauka kwa saa mbili au tatu. Kava kama halijaguswa na kinyesi unalifuta, unalipumzisha, unalirudia. Ndiyo maana makava matano au sita yanahudumia nepi ishirini.

Nepi ya mfuko ni ganda lenye kitambaa laini ndani na mdomo kwa nyuma. Unachomeka pedi humo. Ndiyo hii yenye vifungo vya kubonyeza mbele. Ganda linakauka upesi, pedi inachelewa. Tatizo lake ni kwamba kila ukibadilisha mtoto, ganda zima linaingia kwenye nguo chafu, hivyo unahitaji maganda mengi sawa na pedi.

Nepi ya kipande kimoja ina pedi iliyoshonewa humo humo. Kuvalisha ni rahisi kama pampasi, kukausha ni kazi. Wakati wa masika usiku mzima ndani ya nyumba hautoshi, na nepi iliyokauka nje huku ndani ina unyevu itaota ukungu.

Idadi: mtoto mchanga anabadilishwa mara 10 hadi 12 kwa siku. Kuanzia miezi mitatu hivi inashuka hadi 7 au 8. Ukifua kila siku, nepi 18 hadi 20 zinatosha. Ukifua siku moja unaruka moja, ziwe 24 hadi 30. Usivushe siku mbili, joto letu halivumilii. Na kama unapiga hesabu ya pampasi, saba kwa siku ni 210 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayonunulia wewe, utajua makava sita yanarudisha pesa yao baada ya muda gani.

Wenye ujuzi wa kushona, kufua na ngozi ya mtoto karibuni mshushe madini.

#2 Nyakato_Stendi

Mayu, na khanga kuukuu je? Bibi zetu walitumia hizo hizo.

#3 MayuKulwa

Khanga ya pamba iliyofuliwa miaka ni nepi nzuri mno. Uwanga wa kiwandani umeshatoka wote na nyuzi zimelegea, ndiyo maana inanyonya papo hapo. Khanga moja inatoa nepi mbili kubwa, kila moja unaikunja mara mbili kabla ya kuipa umbo. Shuka kuukuu la pamba pia. Taulo linanyonya zaidi ila linachelewa kukauka na likikaangwa na jua linakuwa gumu kama mkeka; lisugue mikononi kabla ya kuvalisha.

Khanga mpya usiikate leo ukamvalisha leo. Na kuwa makini, siku hizi khanga na vitenge vingi ni poliesta. Chomoa uzi mmoja ukingoni uuchome na kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha punje nyeusi ngumu. Hiyo ya pili iache, mkojo utateleza juu yake.

Kipimo cha mwisho ni tone la maji. Tandaza kitambaa mezani, dondosha tone. Likizama kabla hujahesabu tatu, kinafaa. Likikaa juu kama shanga, ama si pamba ama bado kina uwanga au mafuta.

#4 FundiMlangoMmoja

Niongeze ya cherehani. Msiwape mafundi kazi bila vipimo, mtaletewa chupi.

Nepi za mraba: kitambaa cha upana wa sm 150 kinatoa vipande viwili vya sm 70 kwa kila sm 70 za urefu. Nepi 12 zinakula mita 4.2. Nunua mita 5, kwa sababu pamba mpya inarudi. Ifue kwa maji ya moto na kuikausha KABLA ya kukata. Ukikata kwanza, mraba utageuka mstatili ulioenda upande na kukunja kutakusumbua hadi mtoto aache nepi. Ukingo ukunjwe mwembamba, nusu sentimita mara mbili. Ukingo mnene ndio unaoacha alama kwenye mapaja. Tuko kwenye ardhi ya pamba ndugu zangu, hakuna sababu ya kumvalisha mtoto nailoni.

Kava ndilo lenye ufundi. Kitambaa chake ni poliesta iliyobandikwa utando mwembamba wa plastiki upande mmoja. Ukikipuliza hewa haipiti, ukikinyoosha kinavutika kidogo. Upande wa utando, ule unaong'aa, uelekee ndani. Fundi akivikosea hivi, kava litavuja hata kama kitambaa ni cha bei:

Uzi uwe wa poliesta. Uzi wa pamba unakunywa mkojo na kuutoa nje kupitia matundu ya mshono. Hili halijulikani na watu wengi, wanalaumu kitambaa.

Asipitishe sindano katikati ya kava, hata kwa lebo au pambo. Kila tundu la sindano ni mlango. Pini za kushikilia wakati wa kushona zikae ukingoni tu, mahali patakapoingia ndani ya mshono.

Lastiki ya miguuni iwe ya upana wa milimita 6 hadi 8. Kata sm 15, uivute wakati wa kushona ifike sm 22 hadi 24 za ukingo. Ikivutwa mno inakata paja, ikilegea inaacha mdomo.

Vifungo viwe vya plastiki, saizi 20. Vya chuma vinashika kutu na vikianikwa vinapata moto. Chini ya kila kifungo aweke kipande kidogo cha kitambaa cha ziada, la sivyo siku ya kumi kinang'oka na tundu lake.

Velkro ni rahisi kuivalisha ila inakusanya nyuzi na nywele. Kabla ya kufua ikunjwe ijifunge yenyewe, vinginevyo itang'ang'ania nepi zote kwenye beseni na kuzichana.

#5 Mama wa Igoma

Fundi, kava la mpira ule wa zamani, ule wa kuvalisha kama chupi?

#6 FundiMlangoMmoja

Unazuia mkojo vizuri, ila haupumui kabisa. Kwa joto la saa nane mchana mtoto anachemka humo. Utumie kwa safari au usiku wa baridi, kutwa nzima hapana. Na usiuanike juani, unapasuka baada ya wiki chache.

Mnaonunua makava ya mitumba: linyoshe kuelekea mwangaza. Ukiona madoa kama malengelenge au utando unabanduka kama ngozi iliyoungua, liache. Kisha vuta lastiki sikioni. Ikitoa mlio wa kukatika katika, imekufa. Mwisho mimina nusu kikombe cha maji ndani, shika kama bakuli, subiri dakika mbili, papasa chini kwa kiganja kikavu.

#7 Kliniki_Jumatano

Natoa ya ngozi, maana huko ndiko nepi za kitambaa zinakoonewa.

Nepi ya kitambaa haina zile chembechembe za pampasi zinazogeuza mkojo kuwa uji. Ikilowa imelowa. Kwa hiyo kila saa mbili hadi tatu mchana ibadilishwe, na ikiwa kinyesi, hapo hapo. Mtoto akiwa anapata vipele kila wiki, angalia saa kabla ya kuangalia sabuni.

Wekundu wa kawaida wa nepi unakaa sehemu zilizotokeza, zile zinazogusana na kitambaa, mikunjo inasalimika. Fangasi ni kinyume chake: wekundu mkali unaingia kwenye mikunjo ya mapaja, na pembeni yake kuna vipele vidogo vilivyotawanyika. Huo hauondoki kwa mafuta wala poda, mpeleke kituo cha afya apewe dawa ya fangasi. Wakati wa dawa, nepi za pamba zichemshwe au zipigwe pasi ya moto, la sivyo unamwambukiza upya kila asubuhi. Poda msimpake kabisa, vumbi lake linaingia mapafuni.

Mafuta ya mgando na krimu nzito za nepi: zinakinga ngozi ila zinapaka kitambaa nta. Baada ya wiki mbili nepi inakataa maji. Ukilazimika kupaka, weka kipande chembamba cha kitambaa juu ya nepi ambacho utakifua peke yake.

Na kwa kichanga, sehemu ya mbele ikunjwe kwenda chini ikae chini ya kitovu mpaka kidonda kikauke. Kitovu hakitakiwi kufunikwa na kitu kilicholowa.

#8 Ng'wana Kitangiri

Mimi naona mnaichafua bure nepi ya mfuko. Pedi za mikrofaiba, kile kitambaa cha nyuzi laini za plastiki, zinakauka haraka kuliko pamba yoyote, na zinanyonya mkojo kwa kasi.

#9 MayuKulwa

Zote mbili ni kweli mkuu, ila malizia sentensi. Mikrofaiba inanyonya kwa kasi na inaachia kwa kasi. Mtoto akikaa, akibebwa mgongoni na mbeleko, au akifungwa mkanda kwenye kiti cha gari, mgandamizo unaukamua mkojo kama sponji ya kuoshea vyombo. Pamba inanyonya polepole kidogo lakini haiachii. Kwa mtoto wa huku anayeshinda mgongoni, hilo ni jambo kubwa.

Kama unazo tayari usizitupe. Weka mikrofaiba juu, pamba au kitambaa cha mianzi chini yake: ya juu inapokea upesi, ya chini inatunza. Ila mikrofaiba isiguse ngozi ya mtoto moja kwa moja. Inavuta unyevu wa ngozi mpaka inachubuka. Iwe ndani ya mfuko wakati wote.

#10 MamaUfuaji

Nimesubiri tufike kwenye kufua. Hapa ndipo nepi inaponusurika au kufa, kwa hiyo mniwie radhi nitaandika sana.

Hesabu ya nepi 8 hadi 10 kwa mkono, madumu mawili ya lita 20. Lita 10 za kwanza ni za kuondoa mkojo, 10 za sabuni, 20 za kusuuza mara mbili. Mtu akikuambia unaweza kwa lita 15, ndiye yule ambaye nepi zake zinawasha macho asubuhi.

Kinyesi kwanza kiende chooni. Mtoto anayenyonya tu, kinyesi chake kinayeyuka, suuza tu inatosha, lakini maji hayo pia yamwagwe chooni, mtaroni hapana. Akianza uji na chakula baada ya miezi sita, kinyesi kinaanguka chenyewe kikishikana. Kilichobaki kikwangue kwa kijiti au kipande cha plastiki kilichotengwa kwa kazi hiyo.

Suuza ya kwanza ni kwa maji BARIDI. Ukianza na ya moto unalipika doa, linashika moja kwa moja. Kamua mwaga.

Maji ya sabuni yawe ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia, lita 10 na vijiko vikubwa viwili vya sabuni ya unga. Loweka nusu saa, kisha fua. Sugua kitambaa kwa kitambaa, mkunjo kwa mkunjo, hasa ile sehemu ya katikati. Maji yetu ya bomba yanatoka ziwani na ni laini, povu linakuja haraka, kwa hiyo watu wanadhani povu jingi ndiyo usafi. Sabuni ikizidi ndiyo haitoki. Kwa wenye visima vya maji magumu shida ni kinyume: sabuni ya mche inaganda na chumvi ya maji na kuacha utando wa kijivu kwenye nepi. Kwa maji ya kisima tumia sabuni ya unga, mche uache kwa madoa tu.

Suuza mpaka maji yasiteleze kati ya vidole. Mara mbili, na ikiwa bado yanateleza, ya tatu. Usitie kile kimiminika cha kulainisha na kunukisha nguo, kinafunika nyuzi na nepi haitanyonya tena.

Makava yafuliwe mwisho, maji ya uvuguvugu, bila kusokota. Yabonyeze kwa viganja yatoe maji. Ukilisokota kava, utando unatengana na kitambaa ndani ya miezi miwili.

Kufulia ziwani: acheni. Kichocho cha tumbo kipo ukanda wetu wote wa ziwa. Konokono wanaokibeba wanakaa pale pale kwenye majani ya maji ya kina kifupi, na anayefua anasimama hapo hadi magotini huku vimelea vinapenya ngozi. Kinyesi cha mtoto nacho kinarudi kwenye maji ambayo jirani anachota ya kunywa. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Kama maji ya ziwa ndiyo pekee unayoyapata, mtu anayechota asiingie majini bila mabuti ya mpira, kisha maji yatulie siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko bila konokono ndani, vimelea vya kichocho vinakufa. Vya kuhara havifi kwa kutulia, kwa hivyo vina dawa yake: maji ya moto, jua na pasi.

#11 Buzuruga2

Kuloweka usiku kucha kwenye ndoo na jiki mbona ndiyo njia ya wengi?

#12 MamaUfuaji

Njia ya wengi, ndiyo, na ndiyo inayoua lastiki. Kwa joto letu ndoo ya mkojo iliyokaa saa kumi inakuwa supu. Weka nepi za mkojo bila maji kwenye kapu au ndoo inayopitisha hewa, ufue ndani ya saa 24, ikishindikana zisivuke siku mbili. Ukiloweka kwa lazima, ndoo iwe na mfuniko unaobana na iwe juu. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja, akiinama kichwa kinamzidi uzito.

Jiki usiimwage kwenye nepi yenye mkojo. Mkojo una amonia, ikikutana na klorini inatoka hewa inayochoma macho na kubana kifua. Suuza kwanza, fua kwanza. Ikibidi, mfano baada ya fangasi au kuhara, weka vijiko vikubwa 4 kwenye lita 10, pamba nyeupe tu, dakika 30, suuza mara tatu. Na usichanganye na siki. Makava na lastiki zisiguswe nayo.

Doa la njano ambalo halitoki, lianike likiwa bado limelowa kwenye jua la saa tano hadi saa nane. Likikauka kabla doa halijafifia, nyunyizia maji uliache tena. Jua la Mwanza linafanya kazi hiyo bure.

#13 Mwenye Mawe

Sie wa milimani tunaanika kwenye mawe. Kuna ubaya?

#14 MamaUfuaji

Nepi za pamba kwenye jiwe zinakauka vizuri ajabu, jiwe linapika upande wa chini. Ila lifagiliwe na kumwagiwa maji kwanza, maana mijusi na ndege wanapumzika hapo. Kava usiliweke juu ya jiwe kabisa. Mchana lile jiwe linaunguza nyayo, na utando wa plastiki unajikunja kama karatasi ya pipi. Makava yakae kivulini penye upepo, utando ukiangalia nje.

Walio karibu na ufukwe, siku vidudu vya ziwani vikiinuka kama moshi, anueni kabla havijafika. Vinanasa kwenye nepi mbichi na ukivipangusa vinaacha alama ya kijani.

Kuna nzi mwingine anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini, kisha buu linaingia kwenye ngozi na kutoa jipu lenye tundu. Kwa hiyo nepi isianikwe kwenye nyasi wala mchanga, na ikikaukia kivulini au ndani, ipigwe pasi pande zote mbili, na mishono usiiruke. Pasi ni ya pamba tu, kava hapana.

#15 Nyakato_Stendi

Nina swali la kuvuja. Nepi ya mfuko, pedi mbili, bado paja linalowa baada ya saa moja.

#16 MayuKulwa

Toa pedi uipapase. Ikiwa kavu na paja limelowa, mkojo haukuingia: ama ganda limelegea pajani ama kitambaa kimepakwa mafuta au sabuni. Ikiwa imelowa mbele tu na nyuma kavu, mvulana huyo, kunja pedi iwe nene mbele. Wasichana inalowa katikati. Ikiwa imelowa chepechepe yote, imejaa tu, ongeza tabaka au badilisha mapema.

Ganda likae pale paja linapokutana na nyonga, kwenye ule mkunjo ambako chupi inakaa. Watu wanaliacha katikati ya paja, mtoto akipiga teke linafunguka. Pitisha kidole kwenye lastiki kuzunguka mguu wote, urudishe ndani kitambaa chochote kilichochungulia. Uzi mmoja wa pamba ukitoka nje unatosha kulowesha gauni. Kiunoni viingie vidole viwili. Alama nyekundu zinazopotea muda mfupi baada ya kuvua ni kama za soksi. Zikibaki au zikiwa na mfereji, legeza.

Nepi zilizopakwa mafuta: fua kwa maji ya moto na sabuni, suuza, rudia hivyo mara tatu mfululizo, kisha jaribu tone la maji. Zinazonuka amonia kali asubuhi ziko hivyo hivyo, mkojo wa zamani haujawahi kutoka.

Nepi mpya za mianzi na pamba nene hazinyonyi sawasawa mpaka zifuliwe na kukauka mara tano hadi nane. Wengi wanazihukumu siku ya kwanza.

#17 Mama wa Igoma

Mkunjo gani wa mraba kwa kichanga? Nikikunja pembetatu inakuwa furushi.

#18 MayuKulwa

Kwa kilo tatu tumia ya sm 60. Tandaza kona moja ikikuelekea. Kona ya kushoto na ya kulia zikunje zikutane katikati, utapata umbo la tiara. Kona ya juu ishushe iwe mstari ulionyooka. Hapo ndipo kiuno cha mtoto kinalala. Ncha ya chini ipandishe kadiri ya urefu wake. Mlaze, ncha ipite katikati ya miguu, mabawa yaje mbele.

Pini ilale, isisimame, na vidole vyako viwili viwe kati ya nepi na tumbo hadi ifunge. Pini ikikataa kupenya, ichomeke kwenye mche wa sabuni, itateleza. Kuna pia kile kikamatio cha mpira chenye meno matatu, ni salama zaidi ila kivute kila pembe kabla ya kukishikiza, na kava juu yake lazima.

#19 SafariNansio

Usiku na safari? Melini hakuna pa kufulia.

#20 Kliniki_Jumatano

Usiku nepi ya mraba yenye pedi ya mianzi iliyokunjwa katikati, kava juu. Juu kabisa weka ukanda wa kile kitambaa chenye manyoya mafupi cha masweta na mablanketi mepesi ya mtumba, sm 12 kwa 30. Mkojo unapita, juu panabaki pakavu, na kinyesi kinabanduka bila kusuguliwa. Kichanga abadilishwe usiku pia kila anaponyonya akiwa amechafuka.

Kwa safari ya kisiwani Ukerewe beba nepi nne zilizokwisha kukunjwa, makava mawili, na mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji wenye zipu. Chafu zikunjwe zijifunge. Mfuko ufunguliwe ukifika tu, usisubiri kesho.

#21 Ng'wana Kitangiri

Mmenishawishi nusu. Mtoto anatarajiwa Machi, katikati ya mvua, maji ya mgao, kuanika ni barazani. Ninunue nini cha kuanzia?

#22 MayuKulwa

Kwa baraza na masika, nepi za mraba 30, kumi na mbili kati yake za sm 60 na zilizobaki za sm 70. Makava manne ya kichanga, maana yale ya kukua naye hadi kilo 16 yanamwacha mdomo pajani akiwa chini ya kilo nne. Hayo makubwa nunua mawili, ongeza mengine manne akifikisha kilo tano. Pedi za mianzi sita za usiku, pini nane au vikamatio vitatu. Kamba iwe mbili, moja juu ya nyingine, na nafasi ya kiganja kati ya nepi na nepi ili upepo upite. Zikitoka barazani jioni zikiwa na ubaridi, pasi. Kwa siku za mgao tunza pipa moja la nepi tu, lisiguswe na mapishi.

Nepi za mraba zifuliwe mara mbili tatu kabla ya Machi. Pedi za mianzi ziingie majini wiki hii, ndizo zinazochelewa kuzoea.